Mimba Haina Konje

Hospitali yetu ya Kasongo haikuwa ya serikali wala ya misheni. Ilikuwa ya daktari mmoja aliyeijenga kidogo kidogo, chumba baada ya chumba. Humo hakuna aliyemwita yule mama kwa jina lake. Wagonjwa, wauguzi, wauza mikate wa langoni, hata daktari mwenyewe, wote walimwita Mama Materinite, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkubwa wa wodi ya kuzalisha. Mimi muuguzi wa kawaida nilifanya kazi chini yake miaka mingi. Nilimwogopa na nilimpenda. Na hadi leo nikimkumbuka naona haya, nisijue mara nyingine kama haya hizo ni zake au ni zetu sote.

Alikuwa mfupi, mnene kiasi, na mikono midogo kama ya msichana. Mikono ile ilikuwa na sifa mpaka Lusangi. Wanawake walisema akikushika tumbo, mtoto aliyelala vibaya anajigeuza mwenyewe kwa heshima. Alikula akiwa amesimama. Mfukoni mwa bluzi yake nyeupe hazikukosekana karanga za kukaanga, naye alizitafuna huku ameinama kusikiliza moyo wa mtoto kwa ile pembe ya mbao. Akisikia jambo lisilompendeza, taya lilisimama. Sisi tulimtazama taya kuliko tulivyotazama mashine yoyote: likisimama muda mrefu, mmoja wetu alikimbia kumwita daktari bila kuagizwa.

Bluzi ile aliifua na kuipiga pasi ya makaa kwa mkono wake, hakumwamini mtu. Lakini kupika hakujua kabisa. Wali wake uliungua kila mara, na alicheka kabla hatujacheka: "Muchele nao unataka mutu wa kuuchunga. Mimi niko na watoto wa watu wa kuchunga."

Kila mwanamke Mama alizungumza naye kwa lugha ya nyumbani kwao, Kizimba kwa wa huku, Kibangubangu kwa waliotoka Kabambare. Kiswahili alikiweka kwa ajili ya kuwagombeza waume. Nakumbuka mume mmoja aliyekuja kumchukua mkewe, mtoto hata hajafungua macho vizuri, na begani amebeba jembe. Mpunga ulikuwa unangoja palizi, na jembe lile lilikuwa la mkewe.

"Hiyo jembe ni ya nani?" Mama akamwuliza.

"Ya bibi yangu, Mama."

"Lete nione." Yule bwana akampa kwa heshima. Mama akaligeuza, akalisifia makali yake, kisha akaingia nalo ndani, akaliegemeza ukutani nyuma ya mlango wa wodi. "Litalala hapa. Siku bibi yako amepata nguvu, atakuja kulichukua yeye mwenyewe, kwa miguu yake. Weye ukitaka kupalilia, tafuta ya kwako."

Halikuwa jembe la kwanza. Nyuma ya mlango ule palikuwa na majembe mengi, mengine mpini umeshaliwa na mchwa, na wageni walidhani hospitali ina shamba. Mwanamke aliyezaa apumzike: hilo kwake lilikuwa kama amri ya Mungu, na alilipigania na waume, na mama wakwe, na hata na wanawake wenyewe waliokuwa wanaona haya kulala mchana.

Basi ndiye mama huyuhuyu ambaye hakutaka kusikia neno konje. Ndivyo tunavyoita likizo huku kwetu, kwa kuazima Kifaransa. Muuguzi akilitaja mbele yake, alimtazama kama mtu aliyetukana. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mimba haina konje," akaendelea na kazi, nawe ulibaki umesimama na ndoo yako au sinia lako, ukijiona mvivu, ukijiona mtu mbaya. Alikuwa na misemo mingine ya namna hiyo. "Uchungu haupigi hodi." "Mutoto hachagui siku ya kuja." Yote ilikuwa kweli, na hapo ndipo palipokuwa na ugumu wa kumjibu.

Tena huwezi kusema alikuwa anatukatalia kitu huku yeye anajipa. Yeye mwenyewe hakupumzika hata siku moja kwa mwaka. Mume wake alimwacha zamani akaoa mwingine, akawaambia watu kwamba amechoka, mke wake ameolewa na jengo. Maneno hayo Mama aliyasimulia yeye mwenyewe akicheka, mpaka siku moja nikamwona, baada ya kucheka, anaangalia dirishani muda mrefu kuliko kicheko chenyewe.

Siku kuu alizipanga vizuri kuliko mtu yeyote. Noeli ilipofika, wauguzi Waislamu walishika zamu ili Wakristo waende kanisani na nyumbani. Idi ilipofika, Wakristo walirudisha. Hakuna aliyegombana, na wale wa hospitali nyingine walituonea wivu. Yeye alikuwa kazini Noeli, na alikuwa kazini Idi. Siku za Idi sahani za wali na nyama ya mbuzi zilimfikia mpaka wodini, na siku ya Noeli vilevile, naye alikula zote amesimama, akisema, "Mimi niko wa dini mbili kwa upande wa tumbo." Tulicheka sana. Sasa nikikumbuka, sikumbuki hata mmoja wetu aliyewahi kumwambia, Mama, leo uende weye, tutabaki sisi.

Kwa hiyo tulijifunza kusema uongo. Malaria ndiyo ilikuwa konje yetu. Mtu akiwa na arusi ya dada yake, au akiwa amechoka tu mpaka miguu imevimba, alituma neno kwamba ana homa. Mwenzetu wa maabara, ambaye sote tulimwita Labo, alifanya hivyo siku moja ili alale. Hakuwa na safari wala sherehe. Alitaka kulala tu.

Mama Materinite akamfuata nyumbani na chupa ya serumu ya kinini mkononi.

Labo alitusimulia baadaye, akiwa bado masikio yanamlia kwa dawa ile. Alisikia hodi, akajifunika blanketi mpaka kidevuni kwenye joto lile. Mama akaingia, akamshika paji la uso. Paji lilikuwa baridi kama la mtu yeyote mzima. Labo akamtazama, Mama akamtazama. Hapo angeweza kusema: Mama, sina homa, nimechoka. Maneno machache tu. Lakini aliona haya. Akanyosha mkono, akakubali kuchomwa sindano, akalala pale dawa chungu ikimwingia tone kwa tone kwa ugonjwa ambao hakuwa nao. Mama naye alikaa kwenye kigoda kando yake, akimshika kiganja, mpaka chupa ikaisha. Alipokuwa anatoka alisema kwa sauti ndogo, "Ugonjwa wa namna hii ninaujua." Halafu akarudi kazini.

Tulimcheka Labo kwa siku nyingi. Lakini mimi neno lile lilinikaa. Alijua. Alijua na bado alimwekea kinini, maana hata yeye hakuweza kulitamka lile neno jingine, uchovu.

Zamu yangu ilikuja nilipopata mimba ya pili. Sheria ya nchi inampa mwanamke aliyezaa mapumziko yake. Sote tulisoma hayo shuleni. Nilikwenda kwa daktari mwenye hospitali. Alikuwa mtu mpole wa maneno, asiyekataa kitu kwa kinywa chake. "Hakuna shida," aliniambia. "Onana na Mama Materinite. Yeye ndiye anajua kazi ya kule." Nikaonana naye. Alinisikiliza akikunja vitambaa.

"Utazaa lini?"

Nikamwambia.

"Mwezi ule watu wa mashambani wanazaa sana." Akakunja kitambaa kingine. "Utaona weye mwenyewe, binti. Mimi sikufukuzi, sikufungi."

Hakusema hapana, na ndiyo sababu nilirudi kazini mtoto wangu akiwa bado shingo laini. Mdogo wangu wa kike alikaa naye nyuma ya jiko la hospitali, nami nilikuwa nikipima watoto wa wengine kwenye mizani, nikisikia wangu analia upande wa pili wa ukuta. Maziwa yakashuka yenyewe. Bluzi ikalowa kifuani, mbele ya kina mama wote waliolala, nikajikinga kwa sinia la vifaa. Mama mmoja mkulima, ambaye jembe lake lilikuwa nyuma ya mlango, aliniona. Aliniuliza, akiniita kwa kazi yangu, bila ubaya wowote:

"Infirmie, na weye umezaa juzi?"

"Ndiyo, mama."

"Na jembe yako, nani aliichukua?"

Wanawake wengine wakacheka kidogo, halafu wakaacha. Mama Materinite alikuwa kitanda cha tatu, ametupa kisogo. Mikono yake ilisimama. Nilingoja aseme kitu, hata msemo wake mmoja. Baadaye nilikuta mtu amekwisha kumletea mdogo wangu kiti kizuri na sahani ya wali nyuma ya jiko. Wali ulikuwa umeungua.

Kuna siku alikuja inspekta wa kazi kutoka Kindu. Alikuwa kijana bado, suruali imejaa vumbi la pikipiki, na alionekana mtu wa kweli. Alitukusanya sote kwenye ua, daktari akiwa hayupo. Akatueleza kwamba konje si zawadi ya mwenye kazi, ni haki ya mfanyakazi, hata katika hospitali ya mtu binafsi. Halafu akauliza: "Hapa munapata konje yenu kila mwaka?"

Macho yote yakaenda kwa Mama. Yeye akapiga hatua mbele, amesimama wima na bluzi yake iliyopigwa pasi.

"Baba, hapa siye tuko ndugu," alisema. "Hatuhesabiane siku. Mwenye shida anasema, tunamusaidia."

"Ni kweli?" Inspekta alituuliza sisi, akipitisha macho usoni kwa kila mmoja. "Nyinyi mwenyewe museme."

Nilitazama viatu vyangu. Labo alitazama vyake. Kulikuwa na jogoo wa jirani anaparua kwenye takataka, na sote tulimsikiliza yule jogoo kama ana habari. Inspekta akangoja muda wa kutosha. Kisha akasema, bila hasira, "Siwezi kuandika kitu ambacho kinywa hakisemi," akachukua kofia yake akaondoka. Mama alikuwa wa kwanza kurudi wodini, nasi tukamfuata.

Wala msidhani tulimchukia. Mwanamke aliyekuja kutoka Wamaza juu ya pikipiki, damu inashuka njia nzima, angekufa mikononi mwa wengine kwenye hospitali nyingine. Kwa Mama, wa namna ile walipona. Alitoa damu yake mwenyewe zaidi ya mara moja, akalala kidogo, akainuka. Akimpoteza mtu, hakulia mbele yetu. Alikwenda nyuma ya jengo kufagia. Ukisikia ufagio nyuma ya materinite wakati si wa kufagia, ulijua usimsemeshe.

Mama yake mzazi alikuwa hai bado, kikongwe, anaishi Wamaza kwa kaka mkubwa wa Mama. Kila mara Mama Materinite alisema atakwenda kumwona. Baada ya mavuno. Baada ya mvua. Alimtumia chumvi, sabuni, vitenge, kwa kila mgonjwa aliyerudi kule. Siku moja ya kiangazi akaja mwendesha pikipiki na neno: mama yako anaumwa, hawezi kula tena, anataja jina lako, uje.

Tulikuwa tumesimama naye aliposikia. Akavua glavu. Akatoka, tukamwona anapanda ngazi za baraza kwenda kwenye ofisi ya daktari, akapotea nyuma ya nguzo. Labo akasema, "Leo atakwenda." Mimi nikaanza kupanga kichwani nani atashika nini. Alikawia. Halafu akarudi, si kwa njia ya baraza, kwa njia ya nyuma. Akachukua glavu nyingine.

"Mama, unaondoka saa ngapi?" nikamwuliza.

"Kuna mutu anasukuma kule ndani," alijibu. "Mushike taa."

Sote tukaelewa kwamba daktari amemkatalia. Tulimchukia daktari siku ile. Muuguzi mmoja alipita mbele yake bila kumsalimu, naye akashangaa. Siku chache baadaye likaja neno la pili, kwamba kikongwe amekufa na amekwisha kuzikwa. Mama alifagia nyuma ya jengo mpaka ardhi ikabaki nyeupe. Daktari alikuja kumpa pole, tukageuza nyuso. Hakuna binti asiyezika mama yake huku kwetu, labda awe gerezani au awe amekufa. Tukasema, ona mtu huyu, amemnyima hata siku za kilio, ambazo sheria inampa kila mtu.

Akaendelea na kazi. Alikuwa vilevile, ila hakula tena mbele yetu.

Kilichomwondoa ni neno la mwanamke mmoja wa Wamaza aliyekuja kuzaa. Uchungu ulikuwa bado haujakaza, anatembeatembea wodini, akamwona Mama anaingia. Akasimama, akajishika kinywa.

"Kumbe uko muzima?"

"Niko muzima, mwanangu. Kwa nini?"

"Siye tulikuwa kwa kilio cha mama yako. Hatukukuona. Tukasema basi, yule binti wake wa Kasongo alikufa mbele ya mama yake, wanatuficha tu. Mimi nilikulilia, mama. Nilikulilia weye pamoja na yeye."

Alisema kwa furaha, kama anampa habari njema. Mama akamwambia, "Asante kwa machozi yako." Akamzalisha. Mtoto alikuwa wa kike, akalia vizuri. Mama akanawa mikono kwa muda mrefu, akatundika bluzi kwenye msumari, na asubuhi iliyofuata hakuja. Alituma mtu kuwaambia wenye majembe nyuma ya mlango waje kuyachukua. Tukasikia amepanda pikipiki kwenda kwao.

Daktari aliajiri watu wawili mahali pake. Labo, siku moja, akiwa amechoka na masikio yake yamekwisha kupona, aliingia ofisini akasema moja kwa moja kwamba anataka konje. Akapata. Ilikuwa rahisi hivyo. Alitoka nje akakaa kwenye ngazi, uso umemwanguka kama mtu aliyekataliwa. "Ameniuliza kwa nini sikuomba zamani," alituambia. "Anasema Mama alikuwa anamwambia siye hatuhitaji." Kama daktari alisema kweli au alijifichia nyuma ya mtu asiyekuwepo, sijui. Lakini tangu hapo tunakwenda kwa zamu, na waliozaa wanakaa nyumbani na watoto wao.

Mwaka huu nilipata konje yangu, nikapanda pikipiki kwenda Wamaza, ambako mume wangu ana dada. Nikauliza nyumba ya Mama Materinite. Kule hawamwiti hivyo. Ilinibidi nieleze mpaka wakanielewa. Nilimkuta kwenye nyumba ndogo pembeni mwa ua wa kaka yake, amevaa kitenge, amekonda. Nilikuwa sijawahi kumwona amekaa chini. Alininyanyukia haraka, akanishika mikono yote miwili.

"Binti yangu! Uko huku kwa kazi?"

"Hapana, Mama." Niliona haya kusema, kama vile bado ni mkubwa wangu. "Niko konje."

Alinitazama. "Na unaifanya namna gani?"

Nikacheka, nikidhani ni mzaha. Yeye hakuwa anacheka.

"Ninauliza kweli. Mimi nilifika huku, ninaamka alfajiri, ninaoga, ninavaa, ninakaa kwa mulango. Bibi za kaka zangu wanapita na vikapu, wanakwenda shamba. Ninaona haya kukaa, ninaona haya kuwafuata. Hawanitukani. Wananipa chakula kama mugeni." Akaangalia upande wa mihogo nyuma ya ua. "Kwa kaburi ya mama sijafika."

"Tangu ulipokuja?"

"Iko pale, nyuma ya ile mihogo. Lakini asiyezika haendi pale peke yake. Kaka mukubwa ndiye anamupeleka. Na kaka amesema, nilete kwanza mutu wa kazini kwangu, aliyeona, aseme ni nini kilinizuia. Sikuwa na mutu."

"Sasa uko naye," nikamwambia. "Nitasema, Mama. Niliona kwa macho yangu."

Alifungua kinywa kutaka kusema kitu, halafu akaenda kuniletea ndizi za kuchemsha.

Mchana ule tulikwenda barazani kwa kaka yake. Alikuwa mzee mrefu, mkulima, mtu wa maneno machache. Wake zake walikaa kwenye mkeka, na vijana wachache wa ukoo walisimama. Tulisalimiana, tukaulizana habari za njia. Kisha mzee akanigeukia.

"Binti, weye ulikuwa pale. Tunataka kujua. Dada yetu alipelekewa neno kwamba mama anakufa. Hakuja. Ni nini kilimushika?"

"Baba," nilisema, "alipopata neno lile alivua glavu palepale. Akapanda kwa ofisi ya mwenye hospitali kuomba ruhusa. Akakataliwa. Alirudi akitulia, lakini siye tuliona. Si kosa lake. Ni yule bwana aliyemunyima."

Wanawake kwenye mkeka wakatoa sauti ya uchungu. Kijana mmoja akamlaani daktari kwa Kibangubangu. Mzee akatikisa kichwa polepole, na niliona bega lake linashuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mimi nikafurahi. Nilijiona nimelipa kitu.

"Sikuomba," Mama Materinite akasema.

Alikuwa amekaa mkekani na wale wanawake, mikono yake midogo imelala mapajani.

"Anasema alichokiona, hasemi uongo. Lakini mimi sikuomba, kaka. Nilifika kwa mulango wa daktari. Ulikuwa wazi, alikuwa ndani, anakunywa chai. Nikasimama nyuma ya nguzo. Nikafikiri: hawa watoto wote niliowafunga kinywa miaka yote, leo watanisikia mimi ninasema hiyo neno? Haya zikanishika. Nikazunguka nyuma, nikarudi ndani. Daktari hakujua mama anaumwa. Alijua alipokuwa amekufa. Hakuna aliyeninyima."

Nilitaka ardhi ipasuke. Nilikumbuka nilivyogeuza uso siku daktari alipokuja kutoa pole, na kumbe yeye naye hakuelewa alikosea nini. Mmoja wa wake za mzee alijifunika uso kwa upande wa kitenge chake. Mama hakulia wala hakuinamisha kichwa. Alimtazama kaka yake, anangoja kufukuzwa.

Mzee alipoanza kusema, hakumtazama yeye. Alitazama uwanja.

"Na siye tuko na haya yetu," alisema. "Siku zile mama alikuwa anakuulizia kila mara. Amefika? Bado. Amefika? Bado. Tukachoka kusema bado. Mimi nikamuambia, mama, yuko njiani, pikipiki yake imekwisha kuvuka mto. Nilisema uongo kwa mutu anayekufa."

Mama akauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Akasema nini?"

"Akafurahi. Akatuambia tukuchotee maji ya kuoga. Kwamba utafika na vumbi."

"Na mulichota?"

"Tulichota. Bibi yangu huyu akayapasha moto, akayaweka pale nyuma ya nyumba, na sabuni." Mzee alionyesha upande ule kwa kidevu. "Yalikaa mpaka yakapoa."

Halafu akainuka, akamnyoshea dada yake mkono, akamvuta asimame. Walikwenda wawili, wakapita kwenye ile mihogo, mzee mbele. Sisi tuliobaki barazani hakuna aliyemtazama mwenzake.